Njia mbili za intaneti na mzigo unaobebwa na ulimwengu mzima

WAHENGA walinena kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Katika ulimwengu wa intaneti, hata hivyo, methali hiyo imepinduliwa: anayeshindwa ni yule mwenye njia moja pekee.

Kanda ya Afrika Mashariki ilipata funzo hilo mwaka 2012. Mnamo Februari 17, nyaya tatu za chini ya bahari zilikatika katika Bahari ya Shamu, na mmoja kati yazo, EASSy, ulikuwa tegemeo kubwa la kanda hii. Waliokuwa na uwezo walihamishia mawasiliano yao kwenye waya wa TEAMS unaofika nchi kavu Mombasa. Siku nane baadaye, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini Mombasa iliburuta nanga yake na kuukata waya huo pia. Mkasa wa aina hiyo ulirejea Mei 12, 2024, pale EASSy na SEACOM zilipokatika kwa mpigo katika bahari ya kusini mwa Afrika na kuzorotesha intaneti katika mataifa kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Ndiposa benki, vyuo vikuu, hospitali, mashirika ya habari na idara za serikali haziridhiki tena na kampuni moja ya kutoa huduma za intaneti. Hulipia mbili, wakati mwingine tatu, ili moja ikizimika nyingine ishike zamu bila wateja kutambua.

Uamuzi huo ni wa busara na hakuna wa kuulaumu. Lakini una gharama isiyoonekana kwenye ankara ya mtu yeyote. Kila shirika linapojipatia njia mbili kwa namna iliyozoeleka, huongeza mstari mmoja au zaidi katika orodha ambayo mitambo mikuu ya intaneti kote duniani, kuanzia Nairobi hadi Tokyo, hulazimika kuibeba. Shirika hupata faida, ulimwengu hubeba mzigo. Wataalamu wamelitafutia jambo hili suluhu kwa zaidi ya miaka 30, na hadi leo tiba kamili haijapatikana.

BARUA NA SANDUKU LA POSTA

Ili kulielewa tatizo lenyewe, ni vyema kuanzia posta. Barua iliyoandikwa nambari ya sanduku fulani, kisha 80100 Mombasa, Kenya, haimlazimu mfanyakazi wa posta wa London kujua sanduku hilo liko wapi. Yeye husoma neno ‘Kenya’ na kuitia barua katika mfuko wa Kenya. Ikifika Nairobi, nambari 80100 inatosha kuielekeza Mombasa. Ni huko Mombasa pekee ambako mtu hujishughulisha na nambari ya sanduku. Kila kituo hujua machache tu, na barua hufika.

Intaneti ilikusudiwa ifanye kazi vivyo hivyo. Kila tarakilishi inayofikiwa moja kwa moja mtandaoni huwa na anwani ya nambari. Ujumbe hukatwakatwa kuwa pakiti ndogo ndogo za data, na kila pakiti hubeba anwani ya kule iendako. Njiani hupokewa na mitambo iitwayo ruta. Kazi ya ruta ni kuisoma anwani hiyo, kuitafuta katika jedwali lake la njia, kisha kuisukuma pakiti kwa ruta inayofuata.

Kampuni ya intaneti iliyo na fungu la anwani 65,536 zinazofuatana haina haja ya kuzitaja moja moja. Huutangazia ulimwengu mstari mmoja tu: anwani zote zinazoanza na tarakimu hizi, zileteni kwangu. Wateja wake, hata wawe maelfu, hawaonekani nje. Wamejumlishwa chini ya mstari huo mmoja kama masanduku yote ya Mombasa yanavyojumlishwa chini ya 80100. Utaratibu huu wa kujumlisha, unaojulikana kama CIDR, ulianzishwa mwaka 1993, wakati ambapo ukuaji wa intaneti ulikuwa umeanza kuzilemea ruta za enzi hizo.

Utaratibu huo una sharti moja. Mteja anatakiwa kukaa chini ya mwavuli wa kampuni moja. Anapotaka mlango wa pili, hesabu huharibika.

MLANGO WA PILI

Chukua mfano wa benki yenye makao yake makuu jijini Nairobi. Kampuni ya kwanza imeikodishia anwani 256 kutoka katika fungu lake kubwa. Baadaye benki inaongeza kampuni ya pili kwa ajili ya tahadhari. Siku moja tingatinga linakata waya wa kampuni ya kwanza barabarani. Waya wa pili ni mzima kabisa, lakini hauna faida kwa anayeitafuta benki kutoka nje, kwa sababu ulimwengu bado unaamini kwamba anwani zile 256 ziko kwa kampuni ya kwanza. Pakiti zinamiminika huko na kupotelea huko.

Ili mlango wa pili uwe na maana, kampuni ya pili nayo sharti iutangazie ulimwengu kwamba anwani hizo 256 zinafikika kupitia kwake. Hapa kuna kanuni muhimu: ruta ikikuta mistari miwili inayoihusu anwani moja, hufuata ule ulio mahususi zaidi. Tangazo la anwani 256 hulishinda tangazo la anwani 65,536. Iwapo ni kampuni ya pili pekee itakayotangaza fungu hilo dogo, basi data yote itapitia kwake. Hivyo basi kampuni ya kwanza pia hulazimika kulitangaza kando na fungu lake kubwa. Matokeo yake ni kwamba benki moja ya Nairobi sasa ina mstari wake binafsi katika majedwali ya dunia nzima.

Kuna njia nyingine, na ndiyo inayopendwa na mashirika makubwa. Badala ya kukodi anwani kwa kampuni ya intaneti, shirika huomba zake binafsi. Barani Afrika ombi hilo hupelekwa kwa AFRINIC, taasisi yenye makao yake Mauritius iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Aidha, shirika hupewa nambari ya utambulisho ya mtandao unaojitegemea. Likishapata hivyo viwili, linaweza kumwacha mtoaji huduma mmoja na kumwendea mwingine bila kubadilisha anwani hata moja. Hilo si jambo dogo, kwani katika shirika kubwa anwani huwa zimeandikwa kwenye seva, kwenye mitambo ya ulinzi, na hata kwenye mifumo ya washirika wake wa kibiashara. Kuzibadilisha zote ni kazi ya miezi, na kosa moja laweza kuzima huduma.

Lakini anwani huru haziko chini ya mwavuli wa yeyote. Haziwezi kujumlishwa. Nazo pia zinahitaji mstari wake katika kila jedwali kuu ulimwenguni.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili. Benki hailipi chochote kwa mamilioni ya vijisehemu vya kumbukumbu vitakavyotumika Frankfurt, São Paulo au Sydney kuuhifadhi mstari wake. Hata haijui kwamba vinatumika. Mwenye ruta ya Sydney naye hana pa kumtumia benki ankara.

HABA NA HABA

Lugha ambayo ruta hutumia kutangaziana njia huitwa BGP. Ilibuniwa Januari 1989 na Kirk Lougheed wa kampuni ya Cisco na Yakov Rekhter wa IBM. Wawili hao walikuwa wakihudhuria mkutano wa wahandisi mjini Austin, Marekani, na rasimu ya kwanza waliichora kwenye karatasi za kupangusia mikono mezani. Ilinuiwa iwe suluhu ya muda. Zaidi ya miongo mitatu baadaye, toleo lake la nne ndilo linaloiunganisha intaneti yote.

Haba na haba hujaza kibaba. Kufikia mwaka 2006, jedwali la dunia lilikuwa na takriban mistari 200,000. Mwaka 2014 lilipita 500,000. Hivi leo, kwa anwani za mfumo wa zamani wa IPv4 peke yake, jedwali liko katika kiwango cha mistari milioni moja, na kando yake kuna zaidi ya mistari 200,000 ya mfumo mpya wa IPv6. Mitandao inayojitegemea iliyo na nambari zake za utambulisho imezidi 70,000. Nambari zenyewe zilikaribia kwisha: mpango wa awali uliruhusu nambari 65,536 pekee, ikabidi mwaka 2007 uwekwe utaratibu mpya unaoruhusu zaidi ya bilioni nne.

Huenda mtu akauliza: milioni moja ni nini, ilhali simu ya mkononi huhifadhi maelfu ya picha na nyimbo? Jibu limo katika kasi. Ruta kubwa hupitisha mamia ya mamilioni ya pakiti kwa sekunde, na kwa kila pakiti sharti ilipate jibu jedwalini kufumba na kufumbua. Kumbukumbu ya kawaida huwa nzito mno kwa kazi hiyo. Ruta nyingi hutumia vipande maalumu vya kumbukumbu vinavyoweza kuulizwa mistari yote kwa wakati mmoja. Vipande hivyo ni ghali, hula umeme mwingi na huzalisha joto jingi. Zaidi ya hayo, nafasi yake huwekewa kikomo kiwandani au mtambo unapoandaliwa.

Kikomo hicho kilijidhihirisha Agosti 12, 2014. Ruta nyingi za kizazi cha zamani zilikuwa zimetengewa nafasi ya mistari takriban 512,000. Siku hiyo, hitilafu katika kampuni moja kubwa ya Marekani ilimwaga maelfu ya mistari ya ziada kwa muda mfupi, na jedwali likaruka mpaka huo. Ruta zilizojaa zilianza kusahau baadhi ya njia au kuchechemea, na katika sehemu mbalimbali za dunia watu wakashindwa kufikia tovuti walizozoea. Dawa yenyewe haikuwa ngumu: kugawa upya nafasi ya kumbukumbu, kisha kuuzima na kuuwasha mtambo. Onyo lilikuwa limetolewa mapema. Hata hivyo, kamba hukatikia pembamba, na pembamba palikuwa kwa wale ambao hawakuwa na pesa za mitambo mipya au hawakusoma maonyo.

Mzigo hauko kwenye ukubwa wa orodha pekee. Waya wa benki ya Nairobi ukikatika saa nane usiku, habari hiyo husafiri kutoka ruta hadi ruta, na nyingi kati yazo hulazimika kukokotoa upya njia ya kwenda kwa benki hiyo. Mistari ikiongezeka, ndivyo habari za aina hiyo zinavyoweza kuongezeka.

KIKAO CHA AMSTERDAM

Hofu ya kwamba jedwali lingelemea mitambo ndiyo iliyowakutanisha wataalamu mjini Amsterdam, Oktoba 2006, kwa mwaliko wa bodi inayoshughulikia muundo wa intaneti, IAB. Ripoti ya kikao hicho ilichapishwa Septemba 2007, na iliutaja upanuzi wa mfumo wa njia kuwa tatizo nyeti mno la intaneti. Miongoni mwa visababishi vilivyotajwa ni mashirika kuunganishwa kwa watoaji huduma zaidi ya mmoja, anwani huru zisizoweza kujumlishwa, na tabia ya wenye mitandao kuyapasua mafungu yao vipande vipande ili kugawanya data baina ya nyaya zao.

Kikao hicho kililichimbua tatizo hadi kwenye mzizi. Kwenye intaneti, anwani moja hufanya kazi mbili zisizopatana. Inaeleza mashine ni nani, na papo hapo inaeleza mashine iko wapi. Mwenye shirika anataka utambulisho usiobadilika. Mwenye ruta anataka anwani ifuate ramani ya nyaya ili aweze kuijumlisha. Haiwezekani kuwaridhisha wote wawili kwa nambari ile ile.

Wakenya wanajua hali inayofanana na hiyo. Kabla ya Aprili 2011, tarakimu za mwanzo za nambari ya simu ya mkononi zilitosha kumtambulisha mtoaji huduma. Ulipoanzishwa utaratibu wa kuhama kampuni moja hadi nyingine bila kubadilisha nambari, tarakimu hizo zilipoteza maana hiyo kwa waliohama. Nambari ikawa jina tu. Ili simu imfikie mwenyewe, kampuni sharti ziulize kwanza mahali fulani: mwenye jina hili yuko kwa nani leo?

Wataalamu walitaka intaneti nayo iwe na utaratibu wa aina hiyo: jina upande mmoja, mahali upande mwingine, na sajili ya kuviunganisha.

MAPENDEKEZO MATATU

Pendekezo lililopata umaarufu zaidi lilianza kuandikwa mwaka 2007 na Dino Farinacci na wenzake, na likapewa jina LISP. Chini ya mpango huo, benki ingebaki na anwani zake huru, lakini anwani hizo zisingetangazwa katika jedwali la dunia. Ruta iliyo ukingoni mwa mtandao wa mtumaji ingeuliza sajili: benki hii inafikika kupitia milango gani? Ikijibiwa, ingeifunga pakiti ndani ya bahasha ya pili yenye anwani ya mlango, na ruta za katikati zingesoma bahasha ya nje pekee. Mlango mmoja ukifungwa, bahasha hupelekwa kwa ule wa pili. Jedwali la katikati lingebakia dogo hata mashirika yenye milango miwili yakifika mamilioni.

La pili ni Shim6, lililokamilishwa mwaka 2009 kwa ajili ya mfumo wa IPv6. Hili liliupeleka mzigo hadi kwenye tarakilishi zenyewe. Kila seva ya benki ingepewa anwani mbili, moja kutoka kwa kila mtoaji huduma, na programu ndogo ndani yake ingehamisha mazungumzo kutoka anwani moja hadi nyingine pindi njia inapofungika. Jedwali la dunia lisingeguswa kabisa.

La tatu, ILNP, lilikwenda mbali zaidi kwa kuigawa anwani ya IPv6 yenyewe nusu kwa nusu: nusu ya kwanza ieleze mahali, ya pili ieleze jina. Kundi la utafiti wa njia za intaneti lilijadili mapendekezo mengi kwa miaka kadhaa bila kuafikiana. Ripoti yake ya Februari 2011 ilipotoka, wenyeviti wake, Tony Li na Lixia Zhang, walilipendekeza hili la tatu kama mwelekeo unaofaa.

Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililoibadilisha intaneti ya dunia. LISP ilipanda ngazi na kuwa kiwango rasmi mwaka 2022, lakini inatumika hasa ndani ya mitandao ya mashirika, si kati ya mitandao yote ya ulimwengu.

Sababu za kukwama kwake hazikuwa za kiufundi tu. Shim6 ilihitaji tarakilishi za pande zote mbili za mazungumzo ziwe na programu hiyo. Atakayetangulia kuiweka hapati faida hadi wengine wamfuate. Aidha, iliwapokonya wasimamizi wa mitandao uwezo wa kuamua wenyewe data ipitie wapi, na haikuwaondolea adha ya kubadilisha anwani wanapomhama mtoaji huduma. LISP nayo ilihitaji sajili ya dunia nzima ambayo mtu fulani angeigharamia na kuitunza, huku pakiti za kwanza za kila mazungumzo zikisubiri jibu au kupotea.

Lililo zito zaidi ni kwamba anayetakiwa kugharamia mabadiliko siye anayeumia. Benki ya Nairobi haina sababu ya kutumia hata senti moja kuipunguzia uzito ruta ya Sydney. Viwango vya intaneti, navyo, havina polisi. Hata mfumo wa IPv6, uliotarajiwa mwanzoni kuwaweka wateja wote chini ya mwavuli wa watoaji huduma, ulilegezwa masharti. Mwaka 2006 taasisi ya ARIN inayohudumia Marekani Kaskazini ilikubali kuyapa mashirika anwani huru za IPv6, kwa kuwa mashirika yalikataa katakata kufungwa kwa mtoaji huduma mmoja.

KWA NINI INTANETI HAIKUZAMA

Maangamizi yaliyohofiwa Amsterdam hayakutokea, na ni haki kueleza sababu.

Kwanza, jedwali halikukua kwa kasi ya kujizidisha iliyohofiwa. Liliongezeka kwa kiasi kinachokadirika mwaka hadi mwaka, na watengenezaji wa ruta wakaweza kwenda sambamba nalo. Kumbukumbu na vichakato viliimarika, na mbinu za kuyabana majedwali zikaboreshwa.

Pili, waendeshaji wa mitandao walikuwa na desturi ya kutokubali tangazo la fungu dogo kuliko anwani 256 za IPv4. Desturi hiyo, ambayo haikuandikwa katika sheria ya nchi yoyote, ilikuwa ukuta. Mwenye anwani 16 hawezi kuusumbua ulimwengu.

Tatu, mashirika madogo yalipata njia ya mkato. Ofisi isiyokuwa na seva ya kutembelewa na umma haihitaji kutangazwa popote. Huweka kifaa kimoja kwenye kingo za nyaya zake mbili, ndani hutumia anwani za faragha zisizotoka nje, na kifaa hicho huzibadilisha kuwa anwani ya mtoaji huduma yeyote aliye hai wakati huo. Mazungumzo yanayoendelea hukatika kwa dakika moja au mbili, kisha kazi huendelea. Aidha, wengi wamehamishia tovuti na seva zao kwa kampuni kubwa za kuhifadhi data, ambazo tayari zina njia nyingi na mistari yake.

Hata hivyo, sababu hizi hazijalimaliza tatizo. Hifadhi kuu ya anwani za IPv4 duniani, ambazo jumla yake ni takriban bilioni 4.3, ilikauka Februari 2011. Tangu hapo anwani zimekuwa zikinunuliwa na kuuzwa, na mafungu makubwa yanapouzwa vipande vipande, kila kipande hutaka mstari wake. Takriban nusu ya mistari iliyo kwenye jedwali la IPv4 ni ya mafungu madogo ambayo tayari yamo ndani ya mafungu makubwa yaliyotangazwa. Kwa kila mtandao ulionunua ruta ya kutosha leo, kuna mwingine, mara nyingi katika nchi isiyo na fedha, unaolazimika kuibadilisha mapema kuliko ulivyopanga.

WANACHOWEZA KUFANYA WENYE MITANDAO

Kwa shirika la Kenya linalotafakari kuwa na njia mbili, kuna mambo manne ya kuzingatia.

La kwanza ni kuhakikisha kwamba njia hizo ni mbili kweli. Kampuni mbili zenye majina tofauti huenda zinakodi nafasi kwenye waya mmoja wa baharini, au nyaya zake zinapita katika mtaro mmoja kando ya barabara. Nanga moja au tingatinga moja huzizima zote. Mwenye shirika ana haki ya kuuliza, kabla ya kutia sahihi mkataba, waya wa kila mmoja unapitia wapi hadi baharini, na waya upi wa bahari unatumika.

La pili ni kujiuliza iwapo anwani huru zinahitajika. Duka, shule au ofisi ya wakili ambayo wafanyakazi wake hutoka nje kwenda kwenye tovuti za wengine haina haja nazo. Benki yenye mifumo inayofikiwa na wateja na washirika wakati wote inazihitaji.

La tatu linawahusu walio nazo tayari. Mwenye anwani 1,024 zinazofuatana atangaze mstari mmoja, si minne. Na pale anapolazimika kulipasua fungu lake ili kugawanya data, anaweza kutia alama kwenye matangazo madogo ili yaishie kwa jirani aliyeyapokea, huku ulimwengu ukipata lile kubwa peke yake. BGP ina uwezo huo tangu miaka ya tisini, na hautozwi ada.

La nne ni kuyaweka nyumbani yanayopaswa kukaa nyumbani. Kabla ya kuwepo kwa kituo cha KIXP jijini Nairobi, barua pepe kutoka mtaa mmoja wa jiji kwenda mtaa wa pili ilisafiri kwa setilaiti hadi ng’ambo na kurejea, ikiwa mtumaji na mpokeaji walihudumiwa na kampuni tofauti. Kituo hicho kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa muda mfupi baadaye kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya kipekee wakati huo, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Mashirika ambayo watoaji huduma wake hukutana hapo huendelea kuwasiliana hata nyaya za baharini zinapokatika. Mtandao uliojiunga na kituo hicho unaweza kuwapa majirani zake ramani yake kwa kina, pasipo kuilazimisha Sydney kuibeba.

Intaneti haina mwenyewe wa kuwatoza watu ada kwa kila mstari wanaouongeza, na yaelekea hatapatikana. Imesimama miaka yote hii kwa sababu wenye mitandao wa kutosha walikubali kubana matangazo yao hata pale ambapo hakuna aliyewalazimisha. Mhandisi anayeketi Nairobi leo na kuamua kutangaza mstari mmoja badala ya minne hatashukuriwa na yeyote, wala bosi wake hatajua. Lakini katika maelfu ya ruta ambazo hatawahi kuziona, nafasi tatu zitabaki wazi.